Cherehani inakula pesa kuliko fundi: niiuze?

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, wasichana watatu na mvulana, tunakaa Kisauni. Baba watoto anaendesha tuktuk ya mtu. Jioni akishatoa hesabu ya mwenyewe na pesa ya petroli, kinachobaki ndicho chetu. Mimi nauza barafu na kachiri hapo hapo mlangoni.

Mwaka jana ilipofika zamu yangu ya chama, shilingi 20,000, nilimwambia mume wangu kwamba nataka cherehani. Sababu ilikuwa Idd. Kila Idd fundi ananitoza 700 kwa gauni la kila msichana na 1,200 kwa langu, na kitambaa natoa mimi. Mara ya mwisho alinirudishia nguo usiku wa kuamkia Idd, tena gauni moja halina zipu, nikakesha nimelishika pini. Nikasema basi, imetosha. Nikapata cherehani ya mguu iliyotumika kwa 12,500. Mume wangu alikubali kwa sababu nilimuahidi kwamba ndani ya miezi sita itakuwa imejilipa.

Dada mmoja wa mtaani, aliyewahi kushona kwenye kiwanda cha nguo za kupeleka ng'ambo, alinifundisha kutia uzi, kukanyaga na kushona mstari ukanyooka. Kukata nikajifunza kwa video za simu. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia. Nimeshona gauni la binti yangu mdogo wa miaka mitatu, zuri, limekaa mabegani, lakini kichwa hakipiti! Nimeshona dera la poplini: mita tatu na nusu kwa 220, uzi 30, overloki (mashine ya kufunga kingo nyuzi zisichomoke) kwa watu 50, jumla 850. Wiki ile ile jirani akapita na dera la maua alilonunua Mwembe Tayari kwa 600. Sikuwa na la kusema.

Nami nina ugonjwa, Somo. Nikishuka mjini nikipita Mtaa wa Biashara sirudi mikono mitupu. Naona kitambaa najiambia hiki ni gauni, hiki ni sketi. Vimejaa gunia chini ya kitanda.

Juzi mume wangu alichukua daftari lake la tuktuk akaandika yote: cherehani 12,500, mkasi 600, vitambaa 6,900, uzi na sindano na lastiki na vifungo 1,150, overloki 450. Ikaja 21,600. Halafu akahesabu nguo zilizovaliwa mpaka leo: dera tatu, sketi mbili, na foronya. Akaniuliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniuma, "Mama watoto, hizi ni nguo za elfu ishirini na moja?" Anataka tuuze. Na cherehani yenyewe imeanza kuruka mishono na kukata uzi, kama nayo imechoka na mimi.

La mwisho ni ndugu na majirani. Wifi yangu ameleta jozi ya leso nimshonee dera, anasema, "Wewe si una cherehani, ni uzi tu." Jirani ameleta mapazia. Nikitaja hata pesa ya uzi naambiwa nimeanza kujiona. Wakati huo huo mwenzangu mmoja wa chama ananishawishi nichukue mashine ya overloki kwa lipa pole pole, ati ndiyo itakayonitoa.

Niuze, niongeze, au nifanye nini? Nikiikosa Idd hii na watoto nimeshawaahidi, sitakuwa na uso.

Mama wa Gunia, Kisauni

*

Marahaba, mwanangu.

Usiuze. Lakini kabla hujaenda kumtambia mumeo, sikiza: mzee wa watu hakukosea kujumlisha. Alichofanya ni kutia kwenye kapu moja pesa za aina mbili, na aliyempotosha ni wewe na hiyo ahadi yako ya miezi sita.

Cherehani inakuokolea kitu kimoja tu, ujira wa fundi. Kitambaa ulikuwa ukinunua wewe tangu zamani, na utaendelea kukinunua. Sasa tupige hesabu kwa bei zako mwenyewe. Wasichana watatu kwa 700 ni 2,100, ongeza 1,200 yako, ni 3,300 kwa Idd moja. Mwaka una Idd mbili, ya Mfunguo Mosi na ya Mfunguo Tatu, kwa hivyo 6,600. Idd nne ni 13,200. Basi cherehani ya 12,500 itajilipa kwa miaka miwili kama utashona nguo za Idd peke yake na usiguse kitu kingine. Hiyo si hasara. Cherehani ya mguu ikitunzwa humfaa mtu na binti yake, na wako watatu. Ila miaka miwili sio miezi sita, na mtu uliyemuahidi miezi sita ana haki ya kufungua daftari.

Zile 6,900 za vitambaa ndizo za kwako wewe. Cherehani haikukutuma Mtaa wa Biashara.

Gunia hilo lifungue leo, mbele yake. Toa kila kipande, kipime kwa tepu, uandike mita ngapi na upana gani. Hapo utajua vipi vinatosha magauni ya Idd, na hivyo viweke kando. Vilivyobaki waambie wenzako wa chama, uwauzie kwa bei ya dukani au pungufu kidogo. Ukingoja mpaka Shaabani hivi, watu wanapoanza kutafuta vitambaa, hutambembeleza mtu. Na kuanzia leo kitambaa kinanunuliwa kwa nguo iliyo na mwenyewe: unajua nani atavaa, umeshampima, unajua mita. Kitambaa cha "nitaona mbele" kiache kwa mwenye duka, yeye ana rafu za kukiwekea.

Tuje kwenye lile dera lililokuvunja moyo. Wala usijilinganishe. Muulize huyo dada aliyekufundisha kiwandani kulivyo: kitambaa hutandikwa tabaka juu ya tabaka, kisu cha umeme kikapita mara moja, zikatoka nguo kwa makumi. Mmoja anashona mabega kutwa, mwingine mikono kutwa, mwingine pindo tu. Kitambaa wamekinunua kwa majora mengi, kwa bei ambayo mimi na wewe hatutaisikia hata tukiapa. Dera ni nguo pana isiyo na kipimo cha mtu, kwa hivyo ndiyo rahisi kuliko zote kushonwa kwa wingi. Ukitaka dera la kushindia nyumbani, nenda kanunue. Fulana hali kadhalika, na nguo za ndani, na suruali za jinzi. Huko mtumba wa Kongowea umeshakushinda kabla hujakaa kitini.

Mahali unapowashinda wao ni pale nguo inapotaka mwili wa mtu fulani, au inapotaka kurekebishwa tu. Abaya, kwa mfano. Zinauzwa kwa urefu wa inchi, 54, 56, 58, na mwanamke wa kimo cha wastani hukuta 54 ni fupi na 56 inafagia barabara. Kila mtu anampelekea fundi akunje pindo. Zipu ya sketi ya shule imekufa, sketi bado nzima. Suruali ya mumeo ya kazini imepasuka msambani, maana kwenye tuktuk mtu anapanda na kushuka mguu pande kutwa nzima. Kazi hizi fundi anazitoza, na kitambaa chake ni sifuri. Humo ndimo cherehani inamojilipa haraka kuliko unavyodhani, nawe hukuandika hata moja kwenye hesabu yako. Mumeo naye hakuziandika, kwa sababu hazionekani kama nguo mpya.

Anza na hiyo suruali yake. Usitie uzi kwenye mpasuko tu, itapasuka tena pembeni. Kata kiraka cha kitambaa kigumu chenye rangi inayoelekea, kiwe kikubwa kuliko tundu kwa vidole viwili kila upande, kitie kwa ndani, kishike kwa mkono, kisha upite na cherehani mbele na nyuma mara nyingi mpaka mishono ikae kama mkeka. Apande tuktuk nayo. Ila akikwambia umshonee na kiti cha tuktuk, kataa kwa adabu: rekzini na turubai si za cherehani ya nyumbani, utavunja sindano na utalegeza mashine.

Kitambaa cha bei rahisi kuliko vyote katika mji huu, mwanangu, hakiko Mtaa wa Biashara. Kiko Kongowea kwenye mashuka ya mtumba. Shuka la kitanda cha watu wawili, la kutandika juu, lina kama sentimita 230 kwa 260. Likate kwa upana wa poplini ya kawaida, sentimita 115, utakuta ni zaidi ya mita tano. Tena limeshafuliwa huko lilikotoka mara nyingi, halirudi tena, yaani halipungui. Angalia katikati, ndipo panapochakaa. Liinue kwenye mwanga uone kama limekuwa jembamba kama chujio. Na ujue kama ni pamba: chomoa uzi mmoja pembeni uupige kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, harufu ya karatasi, na jivu linasagika kidoleni. Ukiona unayeyuka na kuacha punje ngumu, hiyo ni polista, na joto la Mombasa unalijua. Mtoto wa kike ukimvika polista isiyopitisha hewa mwezi wa Februari, usiku utamkuna wewe.

Shati la mwanamume, kubwa, la pamba, nalo ni gauni la mtoto lililokwisha shonwa nusu. Vifungo viko, matundu ya vifungo yako, pindo la chini liko. Unakata mabega na mikono, unapunguza kwapa, unatia lastiki shingoni. Hayo ndiyo mazoezi ya kuanzia, maana ukiharibu umeharibu shati la bei ya chini badala ya mita za poplini mpya.

Gauni la mdogo halijaharibika. Mtoto wa miaka mitatu ana kichwa cha mzingo wa sentimita 49 au 50, na shingo yake ni karibu nusu ya hapo. Nadhani video uliyoitazama ilitumia kitambaa cha fulana, kile kinachovutika, ndiyo maana mtoto wa kwenye video kichwa kilipita. Poplini haivutiki hata ukiisomea. Usipanue shingo, litamwanguka mabegani. Mpasulie nyuma. Piga mstari wa chaki katikati ya mgongo, kutoka shingoni kushuka sentimita 12. Chukua kibaki cha kitambaa kile kile, kipana kama kiganja, ukilaze juu ya mstari huo, uzuri kwa uzuri, mapinduo (upande wa ndani wa kitambaa) yawe nje. Shona ukishuka pembeni ya mstari kwa umbali wa nusu sentimita, upande mmoja, ukifika chini ukutane na mstari kwenye ncha, upande tena upande wa pili. Sasa ndipo unapopasua, katikati ya mishono yako miwili, mpaka karibu na ncha bila kuikata. Geuza kibaki kiingie ndani, kipige pasi, kishikilie. Juu weka kifungo kimoja na kitanzi cha uzi. Kichwa kitapita, na wasiojua watadhani ndio mtindo.

Kukata ndiko kunakomaliza pesa za wanaoanza, kushona hakumwangushi mtu. Kosa la kushona unalifumua, kosa la mkasi umeshalinunua. Kwa hivyo kwa Idd hii usikate mwenyewe nguo zote. Mpelekee fundi kitambaa na watoto, awapime, akukatie tu, ushone wewe. Mafundi wengi wanakubali, na ujira wa kukata ni mdogo kuliko wa nguo nzima. Kaa hapo utazame anavyokunja kitambaa na anavyopanga vipande. Au chukua gauni la zamani lililokuwa likimkaa vizuri, lifumue lote, ulaze kila kipande juu ya gazeti, ukate gazeti kwa kuongeza nafasi ya mshono na ya kukua. Magazeti hayo yaandike jina la mtoto na uyaweke. Na kabla ya mkasi kugusa kitu, kitambaa cha pamba kiloweke, kikauke, kipigwe pasi. Usiposubiri, gauni litaingia maji mara ya kwanza na kutoka la mdogo wake.

Kuna jambo moja wasioshona hawalioni: mwelekeo wa nyuzi. Mtande ndio uliokwenda na urefu wa jora, na ndio usiovutika. Gauni likae na mtande kushuka kutoka begani mpaka pindoni. Ukipindisha ili kubana kitambaa, upate nguo mbili kwenye nafasi ya moja na nusu, baada ya kufua mara chache upande mmoja utakuwa mrefu kuliko mwingine. Leso za wifi yako pia zifue kwanza, zitoke wanga na zirudi zinavyotaka kurudi, ndipo ukate. Na majina ya leso uyaangalie yamekaaje kabla ya kupitisha mkasi. Nimeona dera limepita barabarani jina liko kichwa chini, tena makalioni, na maneno yenyewe yalikuwa ya kumuombea mama mzazi.

Cherehani kuruka mishono si uchovu. Badilisha sindano kwanza, kabla ya kumwita mtu wa kuitengeneza. Sindano ikipinda kidogo tu, au ncha ikifa, itaruka na kukata uzi. Kwa poplini na leso tumia namba 14, kwa vitambaa vyepesi kama shifoni namba 11, kwa drili na jinzi 16. Ukiiingiza, tazama ule mfereji mrefu ulio ubavuni mwake: uelekee upande unakotilia uzi. Ikiwekwa kinyume haishoni hata ukilia. Kisha safisha. Fungua chini ya bati la sindano utoe manyoya ya pamba yaliyojaa, tia matone ya mafuta ya cherehani kwenye vitundu vyake, mafuta ya kupikia usithubutu, uishonee kitambaa kibovu mpaka mafuta yasionekane. Sisi tunakaa na bahari, hewa yetu ina chumvi, na chuma kinachoachwa bila mafuta kinashika kutu upesi. Ifunike usiku. Na mkanda wa ngozi ukilegea mpaka gurudumu linazunguka peke yake, usinunue mpya: fungua ile klipu, kata kipande kidogo, uubane tena.

Haya, ndugu.

Wifi hajui kwamba dera lile lilikugharimu, maana hujamwambia. Kwake yeye cherehani ni bomba la mtaani, ukifungua inatoka nguo. Usimkatalie wala usimnunie, ni dada wa mumeo na mtaonana kwenye kila arusi na kila matanga. Mwambie hivi, tena mbele ya mumeo, kwa uso mkunjufu: "Wifi, leso zako nitazishona. Uzi na overloki utatoa wewe, na mkono wangu utanilipa kwa mahamri ya Idd." Sijui yeye ana nini, lakini kila mtu ana kitu. Kama hapiki, atakushikia mtoto siku mbili ukate nguo kwa utulivu, na hiyo kwa mwenye mdogo wa miaka mitatu ni malipo makubwa kuliko pesa. Mumeo akisikia mapatano hayo kwa masikio yake, hatakuja kuambiwa kwa dada yake kwamba mkewe amekuwa mchoyo.

Jirani wa mapazia ni habari nyingine. Huyo si wifi. Mapazia ni mistari minyoofu, hayana kwapa wala shingo, hayana mtu wa kumbana, na wewe mstari wako umenyooka. Uliza mafundi wawili wa hapo mtaani wanatoza kiasi gani kwa pazia moja, uteremshe kidogo, umtajie bei kabla hujagusa kitambaa. Akisema umeanza kujiona, mrudishie mapazia yake yamekunjwa vizuri. Atakwenda kwa fundi, atatajiwa bei ile uliyoiulizia, na huenda akarudi. Foronya na mapazia zitakuletea pesa ya uzi na sindano mwaka mzima. Usipokee magauni ya watu bado. Gauni la mwenyewe likiharibika ni mazoezi, la mtu likiharibika ni deni na maneno.

Ya mumeo nimeiacha nyuma kwa sababu ndiyo nyepesi. Mtu anayeuliza kwa upole bado yuko upande wako. Mrudie na daftari lile lile, umwambie miezi sita ilikuwa maneno ya furaha, hesabu ya kweli ni hii. Mwombe aongeze safu moja: kila kazi ambayo mngempelekea fundi, aandike bei ya fundi, iwe pindo la abaya, zipu, kiraka cha msamba wake mwenyewe. Daftari alishike yeye. Mwanamume akiandika kwa mkono wake kwamba leo tumeokoa mia na hamsini, hahitaji kushawishiwa. Na kwa upande wa matumizi aandike kila kitambaa kinachoingia nyumbani, na hapo, mama wa gunia, utakuwa na aibu nzuri ya kupita Mtaa wa Biashara ukiangalia mbele. Mkitaka kuuza cherehani mwaka ujao mtaiuza. Ya mguu iliyotumika haishuki bei haraka, hamna haja ya kukimbilia leo.

Idd yenyewe anza mapema. Mwezi wa Rajabu ndio wa kupima na kukatiwa, Shaabani ushone, na Ramadhani ikiingia ubakishe vifungo na pindo, kazi za kukaa barazani baada ya tarawehi. Kumi la mwisho usijitie mjini kabisa: Mtaa wa Biashara haupitiki, mafundi wameshaacha kupokea nguo, na bei ya kila kitu imevaa viatu. Shona la mkubwa kwanza, maana yeye ndiye ana maneno. Kanzu ya mvulana nunua. Shingo ya kanzu ni kazi ya watu waliokaa nayo miaka kwenye baraza za Mji wa Kale, na mtoto akivaa kanzu iliyopinda shingo msikiti mzima utajua imeshonwa nyumbani.

Overloki usichukue. Unalipa 50 kwa nguo, na mpaka sasa umetumia 450 tu, nguo tisa. Mashine yenye deni la kila wiki, kwa nguo tisa? Tena hiyo ya umeme, kwa hivyo na tokeni juu yake. Vitambaa vyepesi vya pamba havihitaji overloki hata kidogo ukijua kushona mara mbili: kwanza laza vipande mapinduo kwa mapinduo, yaani uzuri uwe nje, shona karibu kabisa na ukingo. Punguza nyuzi zilizochomoza, geuza, piga pasi, halafu shona tena kwa ndani, milimita sita hivi, ule ukingo wa kwanza ufungiwe humo. Nyuzi hazionekani nje wala ndani, na mtoto hakwaruziki. Ubavuni na mabegani inakaa vizuri sana. Kwenye kwapa la mviringo itakusumbua, hapo peleka kwa watu ulipe hiyo 50 yako. Siku ukiona unapeleka nguo za overloki kila wiki, tena za watu wanaokulipa, niandikie tena tuipigie hesabu.

Somo